Saa ya mkononi, mkwaruzo na ngozi inayowasha

Kabla hujaendelea kusoma, ndugu msomaji, hebu ivue saa yako ya mkononi uigeuze. Tazama mgongo wake. Huenda ukakuta maandishi madogo ya Kiingereza: "Stainless Steel Back", au "Base Metal", au "Titanium". Huenda pia usikute lolote kwa sababu jasho na miaka vimekwisha kuyafuta. Sasa tazama ngozi iliyokuwa chini ya saa hiyo. Je, ni nyeusi kuliko sehemu nyingine ya mkono? Ina vipele au magamba? Je, huwa unaisukuma saa juu na chini mchana kutwa ili ujikune, bila hata kufahamu kwamba unajikuna?

Majuzi kijana mmoja mfanyakazi wa ofisi alinijia kwa sababu ya kikohozi. Tulipomaliza habari za kikohozi aliniuliza jambo jingine. Alikuwa amedunduliza pesa kwa miezi kadhaa ili anunue saa ya titaniamu, na muuzaji alikuwa amemhakikishia mambo matatu: kwamba saa hiyo haikwaruziki, kwamba ni nyepesi hata mtu husahau ameivaa, na kwamba haiwezi kumdhuru mtu ngozi. Nilimjibu kwamba katika hayo matatu, la kwanza kwa kawaida si kweli, la pili ni kweli, na la tatu ni kweli kwa masharti. Alishangaa daktari kuyajua mambo ya saa. Ukweli ni kwamba sikuyasoma chuoni. Nilifunzwa na mgonjwa, tena baada ya kumtibu vibaya kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Mgonjwa huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka hamsini na kitu, mjane. Alifika kwangu mara ya kwanza akiwa na baka la mviringo juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Lilikuwa jeusi, lina magamba, na ukingoni lilikuwa na vipele vidogo vyenye maji. Upande wa chini wa mkono kulikuwa na baka jingine dogo kama ukucha. Nilipoona mviringo na magamba nilisema moyoni, "Hii ni choa," nikamwandikia dawa ya kupaka ya kuua kuvu. Baada ya wiki nne hakukuwa na nafuu. Nikambadilishia krimu iliyochanganya dawa ya kuvu na ya kutuliza mwasho. Safari hii ngozi ilipoa kabisa, nami nikajipongeza. Hiyo ilikuwa Agosti. Septemba alirudi na baka lile lile, pengine baya zaidi.

Kwa nini sikuiona saa? Kwa sababu mwalimu ni mtu wa adabu. Kila alipokuwa akingoja kwenye benchi aliivua na kuitia mkobani, ili daktari apaone vizuri panapouma. Nami sikuuliza. Siku moja foleni ilikuwa fupi, akaitwa upesi, akaingia nayo mkononi.

"Mwalimu," nikamwuliza, "saa hii umeivaa tangu lini?"

"Tangu mzee alipofariki, daktari. Ilikuwa yake. Siivui ila nikilala, na wakati wa likizo nikienda shambani, nisije nikaiharibu kwa jembe."

Likizo! Agosti si dawa yangu iliyomponya. Ni kwamba saa ilikuwa imekaa kabatini nyumbani.

Niliichukua nikaitazama dirishani. Marehemu alikuwa makanika wa magari, na saa yake ilionyesha hivyo. Kasha lake lilikuwa la shaba ya manjano iliyochovywa madini meupe ya kung'aa, na kwa miaka mingi ya kusuguana na vyuma, madini hayo yalikuwa yamekwaruzika na kulika. Kwenye kingo shaba yenyewe ilikuwa inaonekana. Kifungo cha mkanda kilikuwa katika hali hiyo hiyo. Nikamwuliza swali moja zaidi: je, alipokuwa msichana, herini za bei rahisi zilimsumbua masikio? Akacheka. Akasema masikio yalitoka maji hata mamake akamkataza kuvaa herini, wakarudia vijiti vya ufagio.

Madini yaliyomwasha ni nikeli.

Nikeli hufanya nini ngozini

Nikeli ni metali nyeupe, ngumu, ya kung'aa, na ya bei nafuu kuliko fedha. Ndiyo maana imejaa katika vitu vidogo vidogo tunavyovaa: herini, bangili, vifungo vya suruali za jinzi, vifungo vya mishipi, zipu na saa. Mara nyingi hutiwa kama tabaka la katikati: shaba chini, nikeli katikati, na juu kabisa mpako mwembamba wa kromi au wa dhahabu ambao ndio unaoonekana na mnunuzi.

Jasho letu lina chumvi, na chumvi huiyeyusha nikeli kidogo kidogo. Chembe zilizoyeyuka hupenya ngozi na kushikana na protini za mwili. Hapo askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, huweza kuziona kama adui na kuziweka katika kumbukumbu. Mara ya kwanza mtu haoni dalili yoyote. Anaweza kukaa wiki chache au miaka mingi akivaa kitu hicho bila taabu. Lakini kumbukumbu ikishawekwa haifutiki. Tangu siku hiyo, kila nikeli itakapogusa ngozi kwa muda wa kutosha, askari hao watakusanyika pale na kuanzisha vita. Matokeo yake ni ukurutu unaotokana na mzio, au kama wengi wanavyosema, aleji. Miongoni mwa vitu vinavyosababisha mzio wa kugusana na ngozi, nikeli imeongoza karibu kila nchi ambako watu wamepimwa, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume kwa sababu ya kutoga masikio.

Jambo moja huwachanganya watu wengi, na lilinichanganya hata mimi. Mwasho huu hauji papo hapo. Huja baada ya siku moja hadi tatu. Mtu huvaa saa yake ya sherehe Ijumaa kwa ajili ya harusi, Jumapili anaanza kujikuna, naye huulaumu wali wa harusini au sabuni mpya.

Jambo la pili linahusu rangi yetu. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa kwa kutazama wazungu, navyo vinasema ngozi huwa nyekundu. Kwa Mwafrika, usitafute wekundu. Tafuta weusi uliozidi, au rangi ya zambarau iliyofifia, pamoja na ngozi kuwa nene na kuwa na mistari kama ya kiganja. Hata baada ya mzio kupoa, weusi hubaki kwa miezi. Huo si ugonjwa, ni kovu la rangi, nao huondoka polepole wenyewe. Tafadhali usiupake dawa za kujichubua.

Chini ya mkwaruzo kuna nini

Sasa turudi kwa yule kijana na swali lake la mikwaruzo. Watu hulichukua kuwa ni jambo la urembo tu. Mimi nalichukua kuwa ni jambo la afya, kwa sababu swali ninalouliza si kama saa itakwaruzika. Kila saa inayovaliwa kazini itakwaruzika. Nauliza: ikikwaruzika, ni kitu gani kitakachotokeza na kugusa ngozi?

Kwa saa iliyochovywa, kama ile ya marehemu, mkwaruzo ni mlango. Mpako wa juu ukiisha, jasho linaikuta nikeli. Hii ndiyo sababu mtu hukuambia, "Daktari, haiwezi kuwa saa, nimeivaa miaka sita bila shida." Miaka sita hiyo alikuwa akilindwa na mpako, na sasa mpako umekwisha. Jumuiya ya Ulaya iliyatambua hayo ilipopitisha sheria ya nikeli mwaka 1994. Sheria hiyo iliweka kikomo kwamba vitu vinavyokaa juu ya ngozi kwa muda mrefu, saa zikiwemo, visitoe zaidi ya nusu mikrogramu ya nikeli kwa kila sentimita mraba kwa wiki. Iliongeza kwamba kitu kikiwa kimepakwa, mpako wake lazima uzuie nikeli kwa angalau miaka 2 ya matumizi ya kawaida. Miaka 2, msomaji! Na ni wangapi kati yetu wanaovaa saa ya miaka kumi, waliyorithi au kununua barabarani?

Chuma kisichoshika kutu ni habari nyingine. Aina inayotumiwa zaidi katika saa nzuri ina nikeli ya asilimia 10 hadi 14 ndani yake, na wengi wakisikia hivyo hushtuka. Lakini nikeli hiyo imefungwa ndani ya chuma na kufunikwa na utando mwembamba wa kromi uliopata oksijeni, hivyo inayotoka ni kidogo mno. Ukikikwaruza, utando hujitengeneza tena. Watu wengi wenye mzio wa nikeli huvaa chuma hicho bila taabu, ingawa si wote. Zipo aina za chuma hiki zilizotiwa salfa ili zichongeke kwa urahisi, nazo hutoa nikeli nyingi zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Titaniamu ndiyo iliyo salama kuliko zote kwa upande huu. Metali hii iligunduliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1791 na William Gregor, na jina lake ikapewa miaka michache baadaye na Mjerumani Martin Heinrich Klaproth. Sisi Wakenya tuna ujamaa nayo: mchanga wenye madini yake ulichimbwa Kwale na kusafirishwa nje kupitia Likoni kuanzia mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Lakini usidhani Kwale ilikuwa ikitengeneza saa. Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani huishia kuwa unga mweupe wa rangi za kupaka nyumba.

Titaniamu inapogusa hewa hujifunika kwa utando wa oksidi mwembamba sana, mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Utando huo hauyeyuki kwa jasho wala kwa maji ya bahari. Ukiukwaruza, huota tena mara moja, na kilicho chini ni titaniamu ile ile. Hakuna nikeli iliyojificha. Ndiyo maana sisi madaktari tuliiamini mapema. Mwaka 1965 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimtilia mgonjwa meno yaliyoshikiliwa na skrubu za titaniamu zilizopandwa ndani ya mfupa wa taya, na mfupa ukashikamana nazo. Kitu kinachokubaliwa na mfupa hakishindwi kukubaliwa na ngozi ya mkono. Mzio wa titaniamu yenyewe umewahi kuripotiwa, lakini ni nadra sana.

Je, haikwaruziki? Hapa ndipo wauzaji wanapowapotosha watu. Wataalamu wa metali hupima ugumu kwa kukandamiza ncha ya almasi na kupima alama inayobaki. Kwa kipimo hicho, kiitwacho Vickers, titaniamu isiyochanganywa ina 150 hadi 200 hivi. Chuma kisichoshika kutu kiko papo hapo, au kinaizidi kidogo. Titaniamu iliyochanganywa na alumini ya asilimia 6 na vanadi ya asilimia 4, ambayo ndiyo wauzaji huiita daraja la 5, hufika 350 hivi. Sasa linganisha na chembe ya mchanga, ambayo hupita 1,000. Vumbi la mji wetu ni mchanga uliosagwa. Ukiegemeza mkono kwenye dirisha la matatu au juu ya meza yenye vumbi, chembe hizo huandika juu ya saa yako kama msumari juu ya sabuni, iwe ni ya chuma au ya titaniamu ya kawaida.

Kuna titaniamu iliyofanywa ngumu kwa ufundi. Kampuni ya Citizen ya Japani, ambayo ndiyo iliyotoa saa ya kwanza ya mkononi ya titaniamu mwaka 1970, huugumisha uso wa saa zake kwa njia inayoiita Duratect, na watengenezaji wengine wana njia zao. Uso kama huo huweza kufika au kupita 1,000, na hapo ndipo mchanga unapokutana na mwenzake. Hata hivyo tabaka hilo gumu ni jembamba. Ukiigonga saa kwenye kona ya ukuta, metali laini ya chini hubonyea na tabaka la juu hubonyea pamoja nayo. Kwa hiyo kijana wangu akitaka saa isiyochakaa upesi, asiulize "Je, hii ni titaniamu?" Aulize kama uso umegumishwa. Akikwaruza ile ya kawaida asisikitike sana. Mikwaruzo midogo hufifia rangi kadiri siku zinavyokwenda, ingawa haiishi. Kuipiga msasa ili ing'ae ni kazi ngumu, na si kila fundi wa saa anaiweza, kwa hiyo muulize kwanza.

Kioo nacho kina hesabu yake. Kioo cha kawaida hukwaruzwa na mchanga. Kile cha yakuti ya buluu, ambacho wauzaji hukiita safaya, hakikwaruzwi na mchanga, lakini kikianguka vibaya hupasuka. Hilo halihusu ngozi, nalitaja kwa ajili ya mfuko wako.

Uzito, joto na mkanda unaobana

Kwa upande wa starehe, muuzaji hakumdanganya kijana. Sentimita moja ya mchemraba ya titaniamu ina uzito wa gramu 4.5, na ya chuma gramu 8 hivi. Saa ya chuma ya gramu 150 pamoja na mkanda wake wa chuma, ikitengenezwa kwa titaniamu, itakuwa karibu na gramu 90. Tofauti hiyo utaihisi jioni, hasa ukiwa mtu wa kuandika au kupiga chapa. Pia titaniamu, hasa ile ya daraja la 5, hainyonyi joto la mkono kwa haraka kama chuma, hivyo haikushtui kwa baridi asubuhi ya Julai.

Uzito una madhara yake kiafya, ingawa ni madogo. Saa nzito huteleza na kugonga kifupa cha upande wa kidole kidogo. Mwenyewe akikereka, hukaza mkanda. Mkanda ukikazwa, jasho na sabuni hufungiwa chini yake, na ngozi huchubuka bila mzio wowote. Huu ni ukurutu wa kuchomwa na maji na sabuni, na nadhani huwapata watu wengi kuliko ule wa nikeli. Mbaya zaidi, kuna neva inayopita juu juu kando ya kifundo, upande wa kidole gumba. Mkanda au pingu ikiibana, mtu huhisi ganzi au kuchomwa-chomwa nyuma ya kidole gumba. Nimewaona watu waliokuja wakihofia kiharusi, na dawa yao ikawa ni kulegeza saa tundu moja. Kipimo changu ni rahisi: kidole chako cha mwisho kipite chini ya mkanda bila kusukumwa. Fahamu pia kwamba mkono huvimba kidogo wakati wa joto na ukiwa safarini kwa saa nyingi.

Nao wanaovaa saa za kielektroniki za kupimia hatua na mapigo ya moyo wasijione wamepona kwa sababu mkanda ni wa mpira. Mwaka 2014 kampuni ya Fitbit iliziondoa sokoni saa zake aina ya Force baada ya watumiaji kupatwa na vipele. Katika mikanda na gundi za vifaa hivi mna kemikali zinazoweza kuleta mzio, na mpira haupitishi jasho. Mkanda wa ngozi ya mnyama nao si malaika. Ngozi nyingi hutengenezwa kwa chumvi za kromi, na mwashi ambaye mikono yake imekwisha kupata mzio wa kromi iliyomo katika saruji huweza kuwashwa na mkanda mpya wa ngozi, hata kama saa ni ya titaniamu tupu.

Masharti niliyomtajia kijana

Nilisema dai la tatu ni kweli kwa masharti. Mwalimu ndiye aliyenionyesha. Daktari wa ngozi niliyempeleka kwake alimbandikia mgongoni vipande vidogo vyenye dawa mbalimbali, akaviacha kwa saa 48, akavisoma siku hiyo na tena baada ya siku mbili. Kipande cha nikeli kiliwaka. Mwanawe anayefanya kazi Dubai aliposikia habari hizo alimletea saa ya titaniamu. Baka kubwa la juu likapona kwa wiki tatu. Lile dogo la chini likabaki likiwasha.

Tulisumbuka nalo mpaka daktari yule akachukua pamba, akaitia matone ya dawa iitwayo dimethiliglioksimi, akasugua sehemu za saa moja moja. Dawa hii ikikutana na nikeli inayotoka, pamba hugeuka rangi ya waridi. Kwenye kasha pamba ilibaki nyeupe. Kwenye mgongo, nyeupe. Kwenye kifungo cha mkanda iligeuka waridi kama ua. Mtengenezaji aliweka titaniamu pale panapoandikwa jina, na kifungo akakitia cha chuma kilichochovywa.

Kwa hiyo ukinunua saa kwa ajili ya ngozi, uliza sehemu nne: kasha, mgongo, mkanda na kifungo. Usitegemee sumaku kuitambua, maana sumaku haivuti titaniamu wala haivuti chuma kisichoshika kutu cha aina ya kawaida. Uzito na rangi ya kijivu iliyokolea vitakuambia zaidi. Na wanaovaa miwani wajihadhari na jambo moja: fremu zile zinazopindwa na kurudi zenyewe mara nyingi ni mchanganyiko wa titaniamu na nikeli, na nikeli ndiyo zaidi ya nusu ya uzito wake. Neno "titanium" lililoandikwa juu yake si uongo, lakini si habari yote.

Kama ngozi yako imekwisha kuwaka, dawa ya kwanza ni kuivua saa na kuiacha kwa wiki mbili au tatu. Osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha, paka mafuta ya kawaida kama ya petroli. Mwasho ukizidi, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja, inatosha watu wengi. Usikubali kuuziwa krimu kali za betamethasoni au klobetasoli bila ya kuonwa na daktari. Krimu hizo zikitumiwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba na kufifisha rangi yake, na kama tatizo lilikuwa choa, huificha na kuiacha ienee chini kwa chini. Mimi mwenyewe, kama nilivyokiri, nilikosea kwa upande mwingine. Ikiwa hakuna nafuu baada ya wiki mbili bila saa, au kukitoka usaha, au ngozi ikiwa ya moto na wekundu au weusi ukapanda mkononi, nenda hospitali.

Wazazi wenye watoto wa kike nao nawaomba jambo. Siku ya kutoga masikio ndiyo siku ambayo wengi huandikiwa mzio huu wa maisha. Herini ya kwanza, inayokaa katika kidonda kibichi, iwe ya titaniamu au ya dhahabu halisi ya karati za juu, si ya kuchovya. Itagharimu zaidi, lakini itavaliwa kwa wiki chache tu.

Mwalimu sasa ana saa mbili. Ile ya Dubai, iliyobadilishwa kifungo, huivaa shuleni. Ya marehemu hakukubali kuiacha kabatini, nami sikumlazimisha. Tuliiwekea mkanda mmoja mrefu wa nailoni unaopita chini ya kasha zima, hivyo metali haigusi ngozi popote. Kifungo chake tulikifunika kwa kitambaa. Huivaa Jumapili kwenda kanisani na huivua akirudi. Mwezi uliopita aliniuliza kama ampelekee fundi aipige msasa ili mikwaruzo ya mzee iondoke, ing'ae kama mpya. Nilimwambia asifanye hivyo kamwe, kwa sababu msasa utamaliza hata ule mpako kidogo uliobaki.

Wiki ijayo: mikono ya waashi na saruji.